Soko la vitunguu maji na vitunguu saumu duniani: kwa nini mavuno makubwa hayazuii bei kuruka

Mwanzisha uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Nimefungua uzi huu kwa sababu mijadala mingi kuhusu vitunguu huanza na swali ambalo halitufikishi mbali, yaani, mwaka huu dunia imevuna kiasi gani? Jibu lake huwa la kuridhisha karibu kila mwaka. Kwa mujibu wa takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO), dunia huvuna zaidi ya tani milioni 100 za vitunguu maji kwa mwaka, na karibu nusu ya kiasi hicho hutoka India na China. Vitunguu saumu havifiki tani milioni 30, na takriban robo tatu yake hulimwa China. Ukitazama jumla hizo peke yake utadhani hakuna wa kulala bila kitunguu jikoni. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2022 kilo moja ya vitunguu vyekundu nchini Ufilipino ilifika takriban peso 700, ikapita bei ya kilo ya nyama na hata ujira wa chini wa kutwa katika jiji la Manila. Wiki chache baadaye, Februari 2023, mkulima mmoja wa wilaya ya Solapur nchini India aliuza kilo 512 za vitunguu sokoni na, baada ya kukatwa gharama za usafiri, upakuaji na upimaji, akabaki na rupia 2 na senti kadhaa. Mambo haya mawili yalitokea katika msimu mmoja wa dunia, kwa zao lile lile.

Hoja yangu ni kwamba bei ya kitunguu haiamuliwi na jumla ya mavuno ya mwaka. Huamuliwa na zile wiki chache ambazo mzigo wa ghalani unaelekea kwisha na mzigo mpya haujaingia, na huamuliwa ndani ya soko la kimataifa ambalo ni jembamba mno. Sehemu kubwa ya vitunguu huliwa katika nchi ile ile vilikovunwa, na kinachovuka mipaka ni kama sehemu moja katika kumi. Kwa hiyo nchi moja kubwa ikiamua kubakiza ndani hata sehemu ndogo ya mavuno yake, wanunuzi wa nje hugombania kilichosalia. Jambo la pili ni kwamba mlaji hapunguzi sana matumizi yake bei inapopanda, wala haongezi sana inaposhuka, kwa kuwa kitunguu ni kiungo cha kila siku na hakuna kinachokaa vizuri mahali pake. Upungufu mdogo wa mzigo kwa hiyo huzaa ongezeko kubwa la bei, na ziada ndogo huangusha bei hadi mkulima ashindwe kulipa hata gharama ya kung'oa.

Anayetaka kulielewa soko hili na aanze na kalenda ya India, na hasa jimbo la Maharashtra, ambako soko la jumla la Lasalgaon katika wilaya ya Nashik ndilo linalotazamwa na wanunuzi wengi wa Asia. India huvuna mara tatu. Zao la masika ya monsuni hung'olewa kati ya Oktoba na Desemba. Zao la pili, ambalo hupandikizwa monsuni inapokwisha, huingia sokoni kati ya Januari na Machi. Zao la tatu ni la kiangazi, hupandikizwa Desemba na Januari na kuvunwa kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, na ndilo lenye takriban asilimia 70 ya mavuno yote ya mwaka. Mazao mawili ya kwanza yana maji mengi na hayakai, hivyo huuzwa mara moja. Ni hilo la tatu tu linalostahimili ghala, nalo ndilo linalolisha taifa zima na wateja wake wa nje kuanzia Juni hadi Oktoba au Novemba.

Hapo ndipo penye mlango mwembamba. Mvua isiyotarajiwa ikinyesha Machi au Aprili, vitunguu huvunwa vikiwa na unyevu shingoni na huanza kuoza ghalani mapema. Mvua ya monsuni ikichelewa, au ikinyesha kupita kiasi Septemba na Oktoba, zao jipya huchelewa au huharibika. Mojawapo likitokea peke yake, soko huyumba. Yakifuatana katika mwaka mmoja, bei hupaa. Mwaka 2023 yalifuatana: mvua za nje ya msimu ziliharibu ubora wa zao la kiangazi, kisha Agosti ikawa kavu kuliko Agosti yoyote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1901.

Serikali ya India ilichukua hatua kwa kasi ambayo wafanyabiashara wa nje hawakuizoea. Agosti 2023 iliweka ushuru wa asilimia 40 kwa vitunguu vinavyouzwa nje, na wafanyabiashara wa Nashik wakasimamisha minada kwa kupinga. Mwishoni mwa Oktoba ikaweka bei ya chini ya kuuzia nje ya dola 800 kwa tani. Desemba ikafunga kabisa, na marufuku ikadumu hadi Mei 2024, ilipolegezwa kwa masharti ya dola 550 kwa tani pamoja na ule ushuru wa asilimia 40. Septemba 2024 bei ya chini iliondolewa na ushuru ukapunguzwa hadi asilimia 20, na ushuru huo nao ukafutwa kuanzia tarehe 1 Aprili 2025. Hiyo ni sera iliyobadilika mara sita ndani ya miezi 20, wakati zao lenyewe huchukua miezi minne au mitano kutoka kitaluni hadi gunia. Mkulima aliyepandikiza chini ya sheria moja alivuna chini ya nyingine.

Kipimo

Mkuu, nashukuru kwa uchambuzi huu, lakini naona umeegemea upande wa mkulima na msafirishaji. Serikali yenye watu zaidi ya bilioni moja wa kulisha ingefanya nini? Familia maskini ndiyo inayoumia kwanza kitunguu kikipanda, na haina ghala wala akiba. Je, si haki ya kila nchi kulisha watu wake kwanza kabla ya kuuza kwa wengine?

Mwanzisha uzi

Ndugu Kipimo, swali lako ni la haki na sitalipita juu juu. Siasa za India zenyewe zinaeleza kwa nini serikali hukimbilia kufunga milango. Mwaka 1980 Indira Gandhi alirudi madarakani baada ya kampeni ambayo bei ya vitunguu ilikuwa mojawapo ya silaha zake, na mwaka 1998 chama kilichotawala Delhi kilishindwa uchaguzi wa jimbo hilo wakati vitunguu vikiwa havishikiki kwa bei. Hakuna mwanasiasa wa huko aliyesahau. Ila upande wa pili nao una kura: katika uchaguzi wa bunge wa mwaka 2024, muungano uliotawala ulipoteza viti kadhaa vya ukanda wa vitunguu wa Maharashtra, na wachambuzi wengi waliitaja marufuku ya kuuza nje kuwa miongoni mwa sababu.

Sipingi haki ya nchi kulinda walaji wake. Ninachopinga ni chombo chenyewe, kwa sababu hakifanyi kazi inayodaiwa. Marufuku hushusha bei ya shambani haraka sana, pengine ndani ya siku chache, kwa kuwa mnunuzi wa nje huondoka mnadani mara moja. Bei ya rejareja hushuka polepole na kwa kiasi kidogo, kwa kuwa katikati yake kuna madalali, wachukuzi, hasara ya mzigo unaooza na faida ya kila anayeshika gunia. Mkulima aliyeumia hupunguza eneo msimu unaofuata, upungufu hurudi, na serikali hufunga tena. Mzunguko huu umejirudia mbele ya macho yetu: marufuku ya Septemba 2019 iliondolewa Machi 2020, ikarudishwa Septemba mwaka huo huo, ikaondolewa Januari 2021, kisha yakaja hayo ya 2023.

Chombo kinachostahili kusemwa vizuri zaidi ni akiba ya serikali. India hununua vitunguu vya kiangazi kupitia NAFED na NCCF, ambayo ni mashirika ya ushirika ya kitaifa, huvihifadhi, na huvitoa katika miji yenye bei kali kuanzia Agosti au Septemba. Mwaka 2023 lengo la akiba hiyo lilipandishwa hadi tani 500,000. Kwa taifa linalovuna zaidi ya tani milioni 20 hicho ni kiasi kidogo, lakini kikitolewa katika wiki zile za pengo huwa na nguvu kuliko ukubwa wake, na wala hakimfukuzi mnunuzi wa nje. Udhaifu wake ni kwamba serikali ikinunua kwa wakulima waliolazimika kuuza mapema, kisha ikamwaga mzigo sokoni wiki mbili kabla ya zao jipya, huwaumiza tena wale wale. Kila kitu katika zao hili kinategemea wiki, si mwezi wala mwaka.

Tena tusisahau wanaokaa upande wa pili wa mpaka uliofungwa. Bangladesh hutegemea India kufidia pengo lake, na Septemba 2019 ilipofungiwa ghafla bei yake ilipanda hadi takriban taka 250 (taka ni sarafu ya huko) kwa kilo ilipofika Novemba, vitunguu vikaagizwa kwa ndege kutoka nchi za mbali, na Waziri Mkuu Sheikh Hasina akaeleza hadharani akiwa Delhi kwamba alikuwa amemwambia mpishi wake asitumie vitunguu. Maskini wa Dhaka hana tofauti na maskini wa Delhi. Kulinda mmoja kwa kumwachia mwenzake mzigo wote ni jambo linalonisumbua moyoni kila ninaposoma historia hii.

Bandari Kavu

Nami niongeze kitu, kwa kuwa nimefuatilia biashara ya mazao kwa muda. India si peke yake, na mwaka 2023 ulionyesha jinsi hofu inavyoambukizana.

Chanzo kilikuwa mapema zaidi. Mafuriko ya Agosti 2022 yaliharibu mashamba ya jimbo la Sindh, ambalo ni ghala kuu la vitunguu nchini Pakistan, na nchi hiyo ikageuka mwagizaji kutoka Iran na Afghanistan. Januari 2023 baridi kali isiyo ya kawaida ikaingia Asia ya Kati na kuharibu vitunguu vilivyokuwa vimehifadhiwa Uzbekistan na Tajikistan, na nchi za ukanda huo, ikiwemo Kazakhstan, zikaanza kuzuia mzigo usitoke. Februari mwaka huo Morocco ikazuia vitunguu na viazi visiende nchi za kusini mwa Sahara ili kupoza bei za ndani. Oktoba 2023 Misri, ambayo kwa kawaida huwaokoa wengine, ikapiga marufuku kuuza vitunguu nje kwa miezi mitatu, kisha ikaongeza hadi mwisho wa Machi 2024. Miezi miwili baada ya Misri, India ikafunga. Kila serikali ilikuwa na sababu yake ya ndani iliyoeleweka, lakini ukiziweka pamoja utaona kwamba mnunuzi wa nje alikuwa akikimbia kutoka mlango mmoja uliofungwa kwenda mwingine ambao nao ulikuwa unafungwa.

Aliyenufaika ni Mholanzi, na Mpakistani mara zao lake liliporudi. Uholanzi ni nchi ndogo, lakini huuza nje zaidi ya asilimia 90 ya vitunguu vyake, zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Hupanda mbegu Machi na Aprili, huvuna Agosti na Septemba, na kwa sababu ya maghala yenye upepo na ubaridi unaodhibitiwa huendelea kupakia hadi Juni au Julai ya mwaka unaofuata. Si kwamba Mholanzi hapati shida: ukame wa kiangazi cha mwaka 2018 ulikata mavuno yake vibaya na bei ikapanda Ulaya nzima. Ila mnunuzi anajua kwamba hatafungiwa mlango usiku.

Kwa Afrika Magharibi jambo hili ni zito. Senegal ni mteja mkubwa wa Uholanzi, lakini kila mwaka husimamisha uagizaji kwa miezi kadhaa ili wakulima wake wa ukanda wa Niayes na bonde la Mto Senegal wauze kwanza. Niger nayo ina kitunguu chake cha zambarau cha Galmi, kinacholimwa mkoa wa Tahoua na kusafirishwa kwa malori hadi Ghana, Côte d'Ivoire na Benin. Baada ya mapinduzi ya Julai 2023, ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya nchi za Afrika Magharibi, ilifunga mipaka na Niger hadi Februari 2024, na malori ya vitunguu yakakwama juani. Kitunguu kilichokaa ndani ya lori lililofunikwa turubai kwa wiki mbili hakina tena bei ya kujadili.

Mwanzisha uzi

Ndugu Bandari Kavu, umenikamilishia. Mfano wa Senegal naupenda kwa sababu ni kinyume cha ule wa India: mlango unafungwa kwa kalenda inayofahamika, na msafirishaji wa Uholanzi anajua mapema kwamba miezi fulani hana soko Dakar. Mkulima wa Niayes anajua lini atalindwa na lini hatalindwa. Ulinzi unaotabirika na marufuku ya ghafla ni vitu viwili tofauti, ingawa vyote huitwa kuzuia biashara.

Na tukirudi Ufilipino, kosa lilikuwa la wiki vile vile. Bei ilipanda Novemba na Desemba 2022, lakini kibali cha kuagiza tani 21,060 kilitolewa Januari 2023, na mzigo ukaanza kuwasili mwishoni mwa mwezi huo, wakulima wa nchi hiyo wakiwa wameanza kuvuna. Walaji waliumia bila msaada kwa miezi miwili, kisha wakulima nao wakapokewa na bei inayoanguka. Tani hizo hizo zingeingia Oktoba zingewafaa wote.

Mwalimu wa Kilimo

Ndugu zangu, mmezungumza vitunguu maji tu. Vitunguu saumu je? Naona bei zake hupanda na kushuka kwa miaka, si kwa wiki. Naomba ufafanuzi.

Mwanzisha uzi

Umeona vizuri, Mwalimu, na sababu yake iko kwenye mbegu. Kitunguu maji huzaliana kwa mbegu ndogo, na mkulima akitaka kupanua shamba hununua mbegu zaidi na kwisha. Kitunguu saumu tunachokula hakitoi mbegu kwa kawaida. Hupandwa kwa punje zake chenyewe, na hekta moja huhitaji kilo mia kadhaa hadi tani moja ya punje. Kwa hiyo anayetaka kupanua eneo katika mwaka wa bei nzuri hulazimika kununua mbegu kwa bei hiyo hiyo nzuri, au kubakiza sehemu ya mavuno ambayo angeiuza. Upanuzi huchelewa, bei hukaa juu kwa muda mrefu, kisha maeneo yote yaliyopanuliwa huzaa pamoja na soko huporomoka. Kuna tatizo jingine pia: punje hubeba virusi kutoka kizazi hadi kizazi, na shamba lisilobadilisha mbegu hupoteza uzito wa mavuno kidogo kidogo bila dalili ya wazi ya ugonjwa.

Jambo la pili ni China. Wilaya ya Jinxiang katika jimbo la Shandong, pamoja na Pizhou katika Jiangsu na wilaya ya Qi katika Henan, ndizo zinazotunga bei ya dunia. Hupandwa Septemba na Oktoba, huvumilia majira ya baridi, na huvunwa Mei na Juni. Mzigo huingia kwenye vyumba vya baridi Julai na Agosti na kutoka polepole hadi mavuno yanayofuata. Kitunguu saumu kikihifadhiwa katika nyuzi karibu na sifuri hukaa mwaka mzima, na uwezo huo wa kukaa ndio uliomvuta mlanguzi. Shehena moja inaweza kubadilisha wenye mali mara nyingi bila kutoka ghalani, kila mmoja akitarajia wa baada yake atoe zaidi. Mwaka 2009, baada ya wakulima kupunguza eneo kwa sababu ya bei mbovu ya miaka iliyotangulia, na watu wakiamini kwamba kitunguu saumu kinakinga homa ya mafua ya nguruwe, bei ilipanda mara kadhaa na ikaendelea kupanda 2010, kisha ikaanguka. Mwaka 2016 ikapanda tena baada ya baridi kali kuharibu mashamba, na 2017 ikaporomoka wakulima walipopanda kwa wingi.

Wakati nchi moja inashika robo tatu ya mavuno, nchi nyingine hujenga kuta. Marekani imetoza ushuru wa kuzuia bei ya kutupa, yaani kuuza nje kwa bei ya chini isiyo ya haki, kwa vitunguu saumu vibichi vya China tangu 1994, na kiwango cha jumla ni asilimia 376.67. Umoja wa Ulaya tangu 2001 una mgawo maalumu wa kiasi kinachoweza kuagizwa, na mzigo unaozidi mgawo hutozwa asilimia 9.6 pamoja na yuro 1,200 kwa kila tani. Ushuru huo unawalinda wakulima wa Hispania, hasa wa Castilla-La Mancha ambako Las Pedroñeras inajulikana kwa kitunguu saumu cha zambarau, lakini pia umezaa magendo. Mwaka 2013 waendesha mashtaka wa Sweden walitoa hati za kuwakamata Waingereza wawili kwa tuhuma za kupitisha vitunguu saumu vya China kutoka Norway, ambako havitozwi ushuru wa Ulaya, na kukwepa takriban yuro milioni 10. Brazil nayo hutoza China ushuru wa namna hiyo, na kwa sababu hiyo mkulima wa Mendoza nchini Argentina ana soko la uhakika kwa jirani yake.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Korea Kusini. Juni 2000 nchi hiyo ilipandisha ushuru wa vitunguu saumu kutoka asilimia 30 hadi 315 ili kuwalinda wakulima wake. Ndani ya siku chache China ilizuia simu za mkononi na plastiki ya polietilini kutoka Korea, bidhaa zenye thamani ya takriban dola milioni 500 kwa mwaka, ilhali vitunguu saumu vilivyohusika vilikuwa vya takriban dola milioni 10. Kabla ya mwisho wa Julai Korea ilikubali kulegeza. Tangu hapo nchi ndogo hupima mara mbili kabla ya kugusa zao hili. Indonesia, ambayo huagiza karibu vitunguu saumu vyake vyote na vingi kutoka China, ilichagua njia nyingine ya kuwataka waagizaji wapande ndani ya nchi kiasi kinacholingana na asilimia 5 ya wanachoagiza. Nia ni njema, lakini kitunguu saumu kinahitaji baridi ili kigawanye punje vizuri, na katika nchi ya tropiki ni nyanda za juu tu zinazofaa.

Kipimo

Mkuu, kama tatizo ni kutotabirika kwa bei, kwa nini hakuna soko la mikataba ya mbele kama ilivyo kwa ngano, mahindi na kahawa? Mkulima angefunga bei yake mapema.

Mwanzisha uzi

Lilikuwepo, Ndugu Kipimo, na lilikufa kwa sheria. Katika miaka ya 1950 mikataba ya vitunguu iliuzwa kwa wingi kwenye soko la bidhaa la Chicago. Mwaka 1955 wafanyabiashara wawili, Vincent Kosuga na Sam Siegel, walinunua vitunguu halisi pamoja na mikataba hadi wakashika karibu vyote vilivyokuwepo Chicago. Kisha wakageuka kuwa wauzaji, wakajiwekea faida ya bei kuanguka, na wakaumwaga mzigo sokoni. Gunia la ratili 50 lililokuwa dola 2.75 Agosti 1955 likafika senti 10 Machi 1956, chini ya bei ya gunia tupu. Wakulima wengi walifilisika. Bunge la Marekani, kwa muswada uliosukumwa na mbunge Gerald Ford ambaye baadaye alikuwa rais, lilipitisha sheria ya mwaka 1958 inayokataza kabisa mikataba ya mbele ya vitunguu, na sheria hiyo ipo hadi leo.

Maoni yangu ni kwamba sheria ile ilitibu ugonjwa usio wenyewe. Bei za vitunguu Marekani hazikutulia baada yake. Lakini naelewa hofu iliyoizaa: bidhaa inayooza, yenye mzigo mdogo unaojulikana uko wapi, ni rahisi kuhodhiwa. Jinxiang ilirudia somo hilo hilo kwa vitunguu saumu miaka zaidi ya 50 baadaye, tena bila kuhitaji soko la mikataba. Kitakachomlinda mkulima ni taarifa za wazi za mzigo ulioko ghalani, wiki kwa wiki, ili asiyejua asiuze kwa anayejua.

Mwalimu wa Kilimo

Basi tuzungumze ghala lenyewe, kwani naona ndiko hoja yako inakoelekea. Kwa nini vitunguu vingi hupotea ghalani?

Mwanzisha uzi

Nchini India husemwa kwamba asilimia 30 hadi 40 ya vitunguu vya ghalani hupotea kwa kukauka, kuchipua na kuoza. Kitunguu maji kina tabia ambayo wengi hawaijui. Hulala vizuri katika baridi ya nyuzi sifuri, na hulala vizuri pia katika joto la nyuzi 25 hadi 30 penye hewa inayopita. Kinachokiamsha ni hali ya katikati, nyuzi 10 hadi 20, ambayo huvunja usingizi wake na kukichipusha. Kwa hiyo anayejenga chumba cha baridi kisha akapungukiwa umeme hufanya vibaya kuliko aliyekiacha kwenye banda la asili lenye upepo, kwani mzigo hupita katika hali hiyo ya katikati kila umeme unapokatika, na ukitolewa kwenye baridi kwenda joto la nje hutokwa jasho na kuoza. Unyevu wa hewa nao unapaswa kuwa asilimia 65 hadi 70. Ukizidi, mizizi huota na ukungu huingia.

Lakini nusu ya kazi ya ghala hufanyika shambani. Kitunguu kilichopewa nitrojeni nyingi na kumwagiliwa hadi siku ya mwisho huwa na shingo nene isiyofunga, na kupitia shingo hiyo bakteria na ukungu huingia. Maji yanapaswa kusimamishwa majani yanapoanza kulala, kisha vitunguu vikaushwe kivulini hadi shingo ikaze na ganda la nje lilie kama karatasi. Wadudu nao huhesabiwa ghalani: vithiripi hunyonya majani, huacha makovu yanayoingiza ugonjwa wa baka zambarau, na hueneza virusi. Ugonjwa wa ubwiri vinyoya hushambulia penye ubaridi na umande, na wakulima wa Ulaya walipoteza mojawapo ya dawa zao za kuukabili baada ya Umoja wa Ulaya, Desemba 2020, kukataa kuendelea kuidhinisha mankozebu kwa sababu za afya. Uozo mweupe ndio mbaya kuliko yote, kwa vitunguu maji na saumu pia, kwani vijimbegu vyake hukaa ardhini miaka 20 na zaidi, na shamba lililoambukizwa halirudi kwenye kitunguu katika maisha ya kazi ya mkulima mmoja.

Anayefuata bei kwa ajili ya kununua au kuuza, namshauri asisubiri takwimu za mavuno, ambazo hutoka baada ya uamuzi wote kufanyika. Aulize mvua ilinyesha Nashik siku zipi za Machi na Aprili, mzigo wa kiangazi ulioingia ghalani ulikuwa mkavu kiasi gani, na mnamo Septemba magunia yanayofika Lasalgaon yana vitunguu vingapi vilivyochipua. Kwa vitunguu saumu aulize eneo lililopandwa Jinxiang na Pizhou mwezi Oktoba, na kiasi kilichobaki katika vyumba vya baridi mwezi Machi, wakati bado kuna miezi miwili kabla ya kuvuna.